Kilemba cha Fundi wa Magodoro

Niliwahi kuishona shazia ndani ya godoro la bibi harusi. Ninalisema hili mwanzo kabisa, mtu asije akafika katikati akidhani anasimuliwa na fundi mwenye sifa zake. Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magodoro, ndefu kuliko kiganja changu, na mimi niliiacha humo ndani ya sufi, nikafunga ukingo, nikapiga fundo la mwisho, nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama godoro langu kama mtu anayemtazama mtoto wake akihitimu madrasa. Likabebwa kwa mkokoteni, likatandikwa, likafukizwa udi. Siku moja kabla ya harusi mama yake bibi harusi akalikalia apumzishe miguu, na akainuka upesi kuliko alivyokaa.

Alikuja kwetu, Msambweni nzima ikimsikia. Mimi nilikuwa chumba cha kazi, nyuma ya pazia, na sufi kwenye nyusi, nikitafuta pa kujificha katika nyumba ya vyumba viwili.

"Hodi! Bi Tumu, hebu nitokee. Mwanangu anaolewa ama anadungwa sindano?"

"Karibu, dada. Kaa kitako kwanza."

"Kukaa kitako ndiko kulikonileta hapa! Sikai popote leo. Ni yule msichana wako, siyo? Yule wa Ukunda."

Nilisubiri jina langu litajwe. Nilikwisha kuandaa machozi, nilikwisha kupanga hata nguo zipi nitazibeba. Nikamsikia Bi Tumu akisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuagiza chumvi dukani, "Godoro lililotoka mlango huu limeshonwa na mimi, dada. Mkono ni wangu. Ngoja nivae buibui, nije nilifumue." Kisha akalifungua pazia. "Asubuhi ile zilitoka shazia ngapi, Kombo?" Nikamwambia tatu. "Zikarudi ngapi?" Nikamwambia sikuhesabu, Fundi. "Haya. Vaa viatu." Basi. Hilo ndilo karipio lote nililolipata, na mpaka leo sijasikia jingine lililoniuma vile. Huko kwa watu nilifumua peke yangu, nikapapasa sufi chembe kwa chembe mpaka nikaipata, nikashona upya, na yeye muda wote alikaa na yule mama wakinywa kahawa. Kila mama alipoyageuza macho kuitazama mikono yangu, Bi Tumu alimuuliza swali jingine kuhusu wakwe. Mtu akishaanza hasira za wakwe hana nafasi ya hasira nyingine.

Huyo alikuwa Bi Mwanatumu, fundi wa magodoro ya sufi, aliyenichukua mwaka mmoja tu, mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne. Habari za ukoo wangu nazipita, hazina utamu. Inatosha kusema nilikuwa mtu wa ndani, msichana ambaye akitumwa sokoni alirudi akiwa amechoka kama aliyetoka Hija, na kwamba mtu fulani kwetu alisema kama anapenda kulala basi na apelekwe kwenye malazi. Sasa mimi ndiye fundi, hapa Ukunda, nyuma ya soko, na bado ni mtu wa ndani. Wakati huu wa magodoro ya sponji kazi yetu imebaki ndogo: mito, matakia ya nyumba za wageni kule Diani, na wazee wanaosema sponji inawachoma mgongo. Habari ya kifo cha Bi Tumu nililetewa na jirani yangu Mbeyu, Mduruma wa Kinango anayefuga mbuzi upande wa pili wa ua wangu, na ambaye hazunguki na maneno. Alisimama mlangoni na kamba ya mbuzi mkononi akasema, "Yule mwalimu wako wa Msambweni amefariki. Watu wanazika leo adhuhuri. Utakwenda, ama utasema miguu inakuuma?" Nilikuwa na wiki mbili tangu Zuhura aniache, na nilikuwa nikinywa chai peke yangu.

Zuhura lazima nimweleze, kwa sababu bila yeye ningeweza kumlilia Bi Tumu kwa starehe, kama mtu anayemlilia fundi wake tu. Zuhura alikuwa mwanafunzi wangu miaka mitatu. Kwetu huku fundi hafungui mkono wa mwanafunzi kwa cheti. Siku kazi ikishamwiva, mwanafunzi huleta kilemba: kwa wanaume kitambaa, kwa wanawake leso mpya. Humfunga fundi wake kichwani mbele ya watu wawili watatu, fundi huomba dua, na kuanzia hapo akiulizwa na yeyote husema, huyu ni fundi, nimemfunza mimi. Neno hilo ndilo linalompa mtu kazi. Zuhura aliniletea leso baada ya mwaka mmoja. Nilicheka, nikamwambia bado hujaiva, mwanangu, na alikuwa ameiva, mito yake ilikuwa imenipita. Akaileta tena mwaka wa pili. Nikamwambia iweke, tutafunga baada ya Ramadhani, na Ramadhani ikapita, na nyingine ikapita. Nilikuwa nikimtuma maziwa, nikimtuma tangawizi, nikimsimulia habari za watu waliokwisha kufa, na yeye anasikiliza huku mikono yake inachambua sufi. Halafu siku moja simu ikalia. Ni kijana wa bara anayesimamia nyumba za wageni Diani. "Mathe, kuna dem hapa anaitwa Zuhura, anasema ni fundi kamili. Tunataka mtu wa kutengeneza matakia ya nyumba zote, awe hapa kila siku. Ni ukweli ama anatuzungusha?" Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikasema, kwa upole kabisa, "Bado ni mwanafunzi wangu." Jioni Zuhura alirudi, akaziweka shazia zangu mezani, moja baada ya nyingine. "Zote zipo, Fundi. Zihesabu." Nikazihesabu kweli, mjinga mimi, na nilipoinua macho alikuwa amekwisha kutoka.

Kwa hiyo niliposikia kifo cha Bi Tumu nilijikuta nikiutafuta ule mwaka wangu, chumba kwa chumba, kama mtu anayepekua kabati la mwenziwe. Chumba cha kazi kilikuwa cha nyuma, dirisha moja, na lilifungwa mchana kutwa kwa sababu upepo kidogo tu ungetuletea theluthi ya godoro puani. Tulijifunga leso mpaka chini ya macho. Maganda ya sufi yalikuwa pembeni kwenye magunia, sisi katikati juu ya mkeka, yeye upande wa mlango na mimi upande wa ukuta, na kazi ya miezi ya kwanza ilikuwa kuchambua: kutoa mbegu, kutoa vijiti, kupiga kwa fimbo mpaka sufi ifure kama povu. Tulipotoka adhuhuri kuswali tulionekana vikongwe wawili. Nje ya dirisha palikuwa na bomba la maji, na wanawake waliosubiri ndoo zijae hawakujua, ama walijua na hawakujali, kwamba sisi tuliwasikia vizuri kuliko walivyosikiana wao.

"Yule msichana bado yupo?"

"Yupo. Kazi ya magodoro, atakwenda wapi? Mtu wa kulala kapelekwa penye malazi."

"Bi Tumu ana subira. Mimi nilimwona juzi kasinzia na fimbo mkononi."

"Labda alikuwa anaiota."

Nilimtazama Bi Tumu nikitaraji atafungua dirisha awafukuze. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa akicheka ndani ya leso mpaka machozi yakashika sufi, na akanionyesha kwa mkono niendelee kupiga, wasisikie kwamba tumenyamaza.

Siku ya kwanza kabisa alinipa godoro bovu, kitambaa chake cha milia kimefifia, ukingo umefumuliwa na kushonwa mara ambazo sikuweza kuzihesabu. "Hili ni godoro la makosa," aliniambia. "Kila niliyemfunza amelikosea hili. Likosee mpaka ulichoke. La mteja usiliguse mpaka nikwambie." Alikuwa amelitenga kabisa, sufi yake na kitambaa chake na uzi wake, kwa ajili ya mtu asiyejua kitu, na mimi wakati ule niliona ni dharau, kupewa tambara. Nimekuwa fundi miaka yote hii na sijawahi kumtengea mwanafunzi godoro la makosa. Zuhura alikosea kwenye kazi za watu, na kila alipokosea nilimfanya alijue hilo kwa wiki nzima. Nilikuwa na kipaji cha kupumua kwa nguvu.

Chakula kilikuwa sinia moja. Asubuhi mahamri na mbaazi, adhuhuri muhogo wa nazi ama wali na samaki, na jioni chochote kilichobaki na chai ya tangawizi, vikombe viwili vya bati, kimoja kimebonyea na hicho ndicho alichokitumia yeye. Alinikalisha upande wa sinia ambako samaki alikuwa mzima. Baada ya kula jioni aliniuliza swali moja, kila siku moja tu: leo umeona nini ambacho jana hukukiona? Usiku wa kwanza niliomwambia sijaona kitu, aliitikia tu, akaondoa vyombo. Mwezi wa tatu nilikuwa nalitafuta jibu tangu asubuhi. Na godoro likiisha lilikuwa na mtihani wake. Bi Tumu alilala juu yake, chali, kisha ubavu, macho amefumba, akatamka kama anayesoma: "Hapa pana kokoto. Hapa kiuno kitazama. Hapa ulikuwa unawaza chakula." Kisha alinilaza mimi niseme ninayosikia. Mara ya kwanza nililala nikalala kweli, mpaka alasiri. Nilipoamka alikuwa ameketi ananitazama. "Godoro limefaulu," akasema. "Mpimaji ndiye aliyefeli."

Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo kukaa kwenyewe kulikuwa kazi. Mwaka ulipokuwa ukielekea mwisho sikuutaka uishe, na sikumwambia mtu. Nilianza hata kuharibu vidogo vidogo makusudi, fundo lililolegea, kona isiyosimama, ili nionekane bado. Sijui kama alinigundua. Sasa najua kwamba fundi hugundua, maana mimi nilimfanyia Zuhura kinyume chake, nikiliona fundo lake limesimama nasema limelegea.

Ikaja kazi ya Gazi. Mzee mmoja aliyekuwa akitunza vitalu vya mikoko alifiwa na mkewe, na watu wa nyumba walitaka godoro la wawili lifumuliwe, sufi ianikwe, lishonwe upya. Ilikuwa kazi ya kawaida kwetu baada ya msiba. Tulifumulia barazani kwake. Chumbani, ukuta mmoja tu kati yetu, shemeji wa yule marehemu alikuwa akimwambia mzee godoro lenyewe litolewe sadaka liishe, kwani atalilalia vipi peke yake, na mzee alikuwa anajibu neno moja, "Hapana," kila mara kwa upole zaidi. Binti yake alituletea wali na samaki wa nazi, akaliona godoro liko wazi na sufi yake imemwagwa juani, akaliweka sinia chini, akasimama tu. Bi Tumu akamsogezea kiti bila kumwambia kaa. Kisha mzee mwenyewe akatoka. Hakututazama, alilitazama lile ganda tupu la kitambaa cha milia.

"Upande wa ukutani kuna shimo," akasema. "Pale alipokuwa akilala. Msilijaze."

Godoro lenye shimo ni aibu ya fundi. Kila nilichofunzwa mwaka ule kilikuwa kuhusu kutokuwa na shimo. Nilimgeukia Bi Tumu anijibie, na yeye akajishughulisha na uzi, anaupaka nta ambayo tayari ulikuwa nayo. "Hili ni lako, Kombo," akasema. "Jua utakavyofanya." Nililifanya siku mbili. Nilimuuliza yule binti urefu wa mama yake, na alikuwa akilala ubavu gani, na akaniambia, akaenda akalia, akarudi akaniambia zaidi. Nikaiweka sufi kidogo upande ule, nikaikaza kwa vifundo vya karibu karibu ili isije ikahama na kulifukia shimo lenyewe, na kila fundo nililivuta kama ninayefunga mlango polepole mtoto asiamke. Lilipokwisha, Bi Tumu hakulala juu yake. Alipitisha kiganja tu upande wa ukutani, mara moja. Mzee akaja akaweka mkono palepale, akauacha, na sisi tukaanza kukusanya vitu vyetu. Nilizihesabu shazia. Zilikuwa tatu.

Tulipofika kwake, kabla ya kuvua buibui, akasema, "Nataka kilemba changu, Kombo."

Nikajifanya sikusikia. Aliposema tena kesho yake nikamwambia leso nzuri hazijafika Ukunda. Juma lililofuata nikasema rangi zilizopo hazimfai mtu mzima. Nikasema naumwa tumbo. Nilitumia akili katika kutonunua leso ile kuliko niliyotumia katika mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yake hayakutofautiana sana. Ndipo siku moja baada ya swala ya alasiri akawaita wanawake wawili wa bombani, wale wale, akaketi mkekani, akatoa chini ya mto leso mpya aliyoinunua mwenyewe, akaniwekea mikononi. "Nipe sasa," akasema.

"Lakini, Fundi, mimi bado sijui..."

"Unajua. Usiniaibishe mbele za watu."

Nilimfunga kwa hasira na kwa kununa, na mtu aliyenuna hafungi kitu kikakaa. Leso ikamshukia machoni. Wale wanawake wakacheka, mmoja akasema fundi wetu mpya anaweza kufunga godoro lakini kichwa kimemshinda, na mimi nikacheka kidogo kwa chuki. Bi Tumu alianza dua leso ikiwa bado imemfunika macho. Hakuipandisha. Alisoma mpaka mwisho akiwa hivyo, na wakati ule nilidhani anatania. Asubuhi mfuko wangu ulikuwa mlangoni. "Msambweni ina fundi mmoja," akaniambia. "Ukunda haina. Nenda." Nilitoka bila kumbusu mkono. Nilijiambia nimefukuzwa, na niliibeba hasira hiyo mpaka ikageuka aibu, na aibu ikanikalisha ndani miaka yote, mtu niliyekuwa sihitaji kusukumwa ili nikae ndani. Na si mbali. Mtu akianza kula embe ndani ya matatu Ukunda, kokwa analitupa Msambweni.

Kwa hiyo niliingia tena katika nyumba ile siku ya kumzika mwenyewe. Chumba cha kazi kilikuwa kimefagiliwa, wanawake wameketi mikekani wanasoma, dirisha limefunguliwa, na nilishtuka kuona kwamba chumba kilikuwa na mwanga. Halima, mwana wa dada yake aliyemtunza mpaka mwisho, alinijua ingawa sikutarajia. Alinivuta jikoni tukamenye vitunguu vya hitima, maana msibani mtu akitaka kukwambia neno hukupa kitunguu kwanza.

"Wewe ndiye Kombo wa Ukunda," akasema. "Khalati alikuwa akikutaja."

"Alikuwa akisema nini?"

"Kwamba umekuwa fundi. Akimwambia kila mtu. Wewe ulipofungua kazi, wateja wa Ramisi, wa Shirazi, wa hapahapa, walikuwa wakija kwake, naye anawaambia mkono wake unauma, nendeni Ukunda kwa Kombo. Mkono wake haukuwa na kitu. Ulimuuma baadaye, uzeeni."

Mimi nilikuwa nimekaa miaka yote nikiamini kwamba katika miezi ile ya kwanza sifa zangu zilikwenda mbio mpaka Ramisi zenyewe. Nilikuwa nikijisimulia hivyo. Nilimsimulia Zuhura hivyo, mara nyingi, huku anachambua sufi. Nikamenya kitunguu kile mpaka pakawa hapana kitunguu.

"Alikuwa akitoa vikombe viwili asubuhi," Halima akaendelea. "Muda mrefu baada ya wewe kuondoka. Anakitoa kile kizuri, anakitazama, anakirudisha. Nikamwambia, Khalati, si umwite basi? Ukunda ni hapo. Akaniambia, 'Nikimwita atakuja, yule. Ndiyo maana simwiti.'"

Niliinuka kumwaga maganda ya vitunguu, nikayamwaga ndani ya maji safi ya kupikia, na Halima akaniambia haidhuru, dada, haidhuru, akayachota moja moja kwa mkono.

Niliporudi Ukunda sikuingia ndani. Hilo peke yake lingetosha kuwa habari. Nilikwenda moja kwa moja Diani kule kwenye nyumba za wageni, kwa miguu yangu, nikamtafuta yule kijana msimamizi, nikamwambia nilikosea: Zuhura ni fundi, nimemfunza mimi, kazi yake imenipita. Nilisema kwa sauti, mbele ya mtunza bustani na mtu wa maji. Kijana alikuwa na adabu. "Ungesema hivyo ile siku, mathe," akaniambia. "Saa hii tushaleta za sponji, nyumba zote. Bosi amezipenda, zinaoshwa na mashine." Nikamuuliza kama anajua Zuhura aliko. Akaonyesha kwa kidevu hoteli ya pili, upande wa dobi.

Nilimkuta uani kwa dobi, katika joto la pasi, anakunja mashuka na mwenziwe, huyu ncha hii na yule ncha ile, wanakutana, wanaachana, wanakutana. Mikono ile. Aliponiona aliliweka shuka, akaja, akainama kidogo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole kwa msiba. Nimesikia."

Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya kilemba. Kwamba hata leo, hata hapahapa, mbele ya mwenziwe huyu, anifunge, niombe dua, yaishe. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima na yalitoka yamepinda. Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza miaka mitatu.

"Ile leso nilimpa mama," akasema. "Anafungia kuni. Imekwisha kutoboka." Kisha, kwa heshima zote, bila hata chembe ya ukali ambayo ningeweza kuishika nikajitetea nayo: "Samahani, Fundi, mashuka yatapoa. Yakipoa hayakunjiki vizuri."

Nikamwacha arudi kwenye mashuka yake.

Nyumbani nilikuta Mbeyu ameegemea ua wetu, mbuzi mmoja analia miguuni pake, anataka kujua Msambweni kulikuwaje. Nilimweleza yote. Nilimweleza kwa kirefu, na nakiri nilijipendelea kidogo: kwamba nilimpenda yule msichana kama mwanangu, kwamba nilimkataza kilemba kwa sababu nilitaka aive kabisa asije akaaibika kwa watu, kwamba nimembembeleza leo akanikataa, kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, na kwamba ninafikiri kutafuta mwanafunzi mwingine, maana kazi ya sufi ni ya watu wawili. Nikangoja aniambie pole. Alimfungua mbuzi, akamzungushia kamba mkononi, akanitazama.

"Mwanakombo, acha uongo. Hukutaka mwanafunzi wewe, ulitaka mtu wa kunywa naye chai. Usimwite mtoto mwingine wa watu. Nipigie mimi kelele hapa uani, nitakuja, na mimi sina kazi unayoweza kuniharibia."